Kuvuka kwenda kwa Bibi

Ijumaa, 20 Desemba 2024. Mwanza, usiku

Godoro limekaa vizuri juu ya keria. Baba watoto amelifunika turubai, akalikaza kwa mipira ya tyubu, akalitikisa. Halichezi. Mvua za vuli bado zipo, na godoro likilowa halifai tena.

Ndani ya gari: mchele, sukari, sabuni za mche, dumu la mafuta ya kula, majani ya chai, khanga za Bibi, sweta, taa ya sola, dawa za macho. Nguo za watoto tayari.

Mama amefika magharibi na kibegi chake kimoja. Hajala. Amekunywa chai kavu, akakaa mbele ya taarifa ya habari, macho yapo lakini mwenyewe hayupo. Kisha akasema, "Siti ya nyuma, ule upande wa dirishani, msizoee kuweka mzigo. Wakati wa kurudi atakaa Mama pale."

Anavyosema ni kama Bibi amekwishakubali. Nimempigia Mjomba. "Nimemwambia mnakuja kumchukua," akasema. "Amecheka." Amecheka nini, Mjomba? "Wewe njoo utamsikia mwenyewe."

Meli ya Nansio inaondokea hapa hapa mjini. Kwa saa tatu na ushei tungekuwa Ukerewe, tukabakiza kivuko cha kwenda Ukara kwa Bibi. Mama hataki hata kuisikia. "Nikalisheni garini kutwa nzima, sitalalamika. Majini iwe kidogo tu." Basi tunaizunguka Ghuba ya Speke yote, tukavukie Kisorya. Baba watoto amejaza mafuta bila kusema neno. Mungu amzidishie.

Namsikia Mama anageuka geuka kitandani. Hajalala. Mimi pia.

Jumamosi, 21 Desemba. Magu, saa 12 kasoro asubuhi

Tumetoka na giza. Igoma, Kisesa, akina mama wa nyanya wanangoja hiace na matenga yao. Watoto wamelala, vichwa vimegongana.

Kabla ya kuondoka Mama alisali pale uani, mkono juu ya boneti, akitaja majina. Alianza na walio hai, mmoja mmoja, hadi dereva. Akamalizia na Mamdogo, marehemu mdogo wake. Sijamsikia akilitaja jina lile kwa sauti muda mrefu sana. Sikuthubutu kumwangalia usoni.

Amekaa mbele, rozari mkononi. Hata redio hatujawasha.

Lamadi, saa 1

Chai ya maziwa na maandazi ya moto. Mama amekula andazi moja lote! Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Anga jeupe, mawingu yapo mbali. Namwuliza Baba watoto kama kuna upepo. Anasema saa hizi hakuna, upepo wa ziwa ni wa mchana. Ninajua. Nilitaka tu kusikia mtu mwingine akisema.

Bunda, saa 2

Kuanzia Lamadi kitindamimba hakukaa kitako. Nyani kando ya lami, halafu swala, halafu pundamilia kundi zima upande wa kulia, kule kwenye lango la Ndabaka. Alipiga kelele hadi kaka zake wakaamka. Mama akageuka akawaambia kwamba zamani, akienda Musoma kwa basi, dereva alikuwa anapunguza mwendo hapa nyumbu wapite. "Mlikuwa mnaogopa, Bibi?" "Tuogope nini? Wao ndio walikuwa wanatuogopa."

Sauti yake imerudi kidogo. Huyu ndiye Mama ninayemjua.

Hapa tunaiacha barabara kuu ya Musoma. Sasa ni kushoto, Kibara hadi Kisorya.

Kisorya, saa 3 na nusu

Pantoni lipo ng'ambo, Rugezi. Tunaliona. Magari mbele yetu: lori la saruji, basi la Nansio, pikipiki nyingi, Noah nyingine kama yetu yenye mizigo ya Krismasi hadi juu. Kuna harufu ya samaki wa kukaanga na dizeli.

 Kitu kimoja nimekigundua nikiwa nimeegemea dirisha: tangu tumetoka Mwanza ziwa halijatoka mkono wa kushoto. Kuelekea Magu, kushoto. Kupanda Bunda, kushoto. Kuja huku Kisorya, kushoto tena. Ghuba moja hiyo hiyo, tumeizunguka kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Kilomita zote hizo ili maji yawe machache. Na kweli ni machache hapa. Ng'ambo naona hadi rangi za mabati.

Mama amesimama kando ya gari, viatu mkononi. Nimemwuliza kwa nini amevua. "Nimevua tu." Sikuuliza tena. Miguu iwe tayari.

Rugezi, saa 5 kasoro

Tumevuka pantoni la kwanza!

Niandike kabla sijasahau. Utaratibu ni kwamba abiria wote wanashuka, dereva peke yake ndiye anayeingiza gari. Tukapanda kwa miguu. Lile bamba la chuma la mbele lilikuwa limelala juu ya changarawe, na kila gari likipita linalia *gwaa*, na kila likilia mkono wa Mama unanibana kwenye kiwiko. Baharia kijana akapita akichomeka vipande vya magogo chini ya matairi, mbele na nyuma, akivigonga kwa kisigino. Magari yamebanana hadi Baba watoto ametoka kwa ubavu, tumbo ndani.

Halafu nikaona midomo ya Mama inatembea. Nikadhani ni rozari. Rozari ilikuwa mfukoni. Alikuwa anahesabu watu. Anaanzia nyuma, safu kwa safu, anafika kwenye pikipiki, anachanganyikiwa na watoto wa mgongoni, anaanza upya. Akamwita yule baharia.

"Mwanangu, mmehesabu?"

"Tumehesabu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mmehesabu na watoto?"

"Na watoto."

Yule kijana hakucheka wala hakuharakisha. Alisimama mbele yake hadi alipohakikisha Mama ameridhika, ndipo akaenda kufunga mlango. Laiti ningemwuliza jina nikamwombee. Kazi ile ni hiyo, hakuna nyingine iliyo kubwa zaidi: kujua ni wangapi, na kumjibu mzee anayeuliza.

Maji yalikuwa shwari. Watoto walitupa maganda ya machungwa wakiangalia yanavyobaki nyuma. Mama hakukaa. Alisimama hadi chuma kikagusa nchi kavu upande wa Rugezi. Kisha akavaa viatu.

Nansio, saa 6

Mikate, soda za watoto, betri. Jua kali. Soko limejaa machungwa ya Ukerewe, madogo, maji matupu. Mama anachagua kwa kunusa.

Baba watoto ameanza tena habari zake za Kitereza. Kila tukikanyaga Ukerewe lazima. Kwamba mzee Aniceti Kitereza, mzaliwa wa hapa, aliandika kitabu chake kwa Kikerewe akakimaliza 1945, hakuna aliyekichapa. Akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka 1980, naye akafariki 1981. Miaka thelathini na tano ya kungoja! Watoto wanaijua hadithi hiyo kwa moyo. Leo Mama ndiye aliyeuliza: "Na ndani yake kuna nini?"

"Ni habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, Mama. Wazazi wa mke wamemchukua binti yao kwa sababu ndoa haina mtoto. Myombekere anaenda ukweni kumwomba arudi."

"Alikwenda na nini?"

"Alitakiwa alipe pombe ya ndizi."

"Alilipa?"

"Alilipa."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Vizuri. Mtu hapewi mtu bure."

Ameendelea kunusa machungwa. Mimi neno hilo limenikaa. Sisi tumekuja na godoro na mchele. Tunaomba mtu.

Bugolora, saa 8 mchana

Kumekuja upepo.

Njia ya vumbi kutoka Nansio, Bukindo, Murutunguru, michungwa na mihogo pande zote. Gari limekuwa jekundu, sisi pia. Nilikuwa natamani safari iwe ndefu zaidi. Haikuwa.

Hapa ndipo walipoipandia MV Nyerere, ile iliyozama. Alhamisi ile ilikuwa siku ya gulio. 20 Septemba 2018. Mamdogo alikuja asubuhi kuuza njugu mawe, akanunua daftari za watoto na unga. Mchana akapanda arudi nyumbani.

Leo Jumamosi, hakuna gulio. Kuna wanawake wachache, ndoo za samaki zimefunikwa majani, vijana wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mawimbi yana povu jeupe. Ukara inaonekana pale, mawe yake makubwa, karibu kabisa. Hilo ndilo linalouma: karibu kabisa.

Mama amekaa kwenye gogo peke yake. Nimemwendea nikamwambia, "Mama, tukitaka tunalala Nansio, tuvuke kesho asubuhi maji yametulia." Hakunijibu upesi. Watoto walikuwa wanarusha mawe majini. Akasema, "Mama yangu ameshaambiwa tunafika leo. Atakuwa amepika."

Basi.

Kivuko kinakuja. MV Ukara II. Kikubwa. Namshukuru Mungu ni kikubwa.

Ukara, usiku

Tumefika. Tumefika. Tumefika.

Nimesubiri wote walale. Taa ya sola ipo mbele yangu, Bibi ameikubali, anasema inamulika hadi dhambi.

Pale Bugolora, Mama alipanda, akaenda moja kwa moja kwenye jaketi za kuokolea, akachukua moja, akaivaa juu ya kitenge chake. Ikamkaza kifuani. Akafunga kamba zote tatu, akazikaza, akawavisha watoto, akanivisha na mimi kana kwamba nina miaka sita. Watu walikuwa wanamwangalia. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye mtoto akainuka akachukua yake. Kisha mzee mmoja. Kisha wale vijana wa drafti. Tulipong'oa nanga karibu nusu ya watu walikuwa wamevaa, na Mama hakuwa amemwambia yeyote neno.

Mawimbi yalipiga ubavu. Ndoo moja iliteleza. Mama alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, macho ameyakodolea Bwisya, gati la Ukara, na nilimsikia akizungumza na Mamdogo kwa Kikara. Siandiki aliyosema. Ni yao wawili.

Tulipokaribia gati alifumba macho. Palepale, mita chache kabla ya kufika. Kila mtu wa Ukara anapajua mahali pale. Kivuko kikapunguza mwendo, kikagusa, chuma kikalia. Akafumbua.

Bwisya aliomba tusimame. Akashuka kwenye makaburi ya wale wa MV Nyerere, akasimama bila kusema kitu, jaketi ameshairudisha lakini alama za kamba bado zipo kwenye kitenge. Walioruhusiwa kupanda walikuwa 101. Waliokufa, zaidi ya 200. Hizo ni namba za kwenye habari. Kwetu ni mmoja, mwenye pengo la jino la mbele, aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwaya.

Na Bibi! Bibi alikuwa njiani anatusubiri, si nyumbani, njiani, na fimbo yake, tangu saa ngapi sijui. Mama alishuka gari halijasimama vizuri. Akapiga goti kwenye vumbi. Bibi akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. Hawakulia. Mimi ndiye niliyelia, na Baba watoto akajifanya anakagua matairi.

Ugali wa muhogo, sato wawili wakubwa, dagaa wa nazi kwa ajili ya watoto, maana kuna mtu alimwambia Bibi kwamba watoto wa mjini wanapenda nazi. Ameitafuta wapi nazi huku Ukara?

Godoro limefika kavu.

Jumapili, 22 Desemba

Misa. Kanisa limejaa hadi nje. Mama amekumbatiwa na watu hadi khanga imemvuka mabegani. "Umekuja! Umekuja!" Hakuna aliyemwuliza mbona hukuja siku zote. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea na hapakuwa na wa kumshitaki.

Mchana alikuwa kwenye kaburi la Mamdogo, nyuma ya nyumba, akipalilia kwa mkono. Alikataa jembe. Watoto wa Mamdogo, sasa wakubwa, yule wa kike ana kimo cha mama yake kabisa, walikaa naye. Nilibaki jikoni na Bibi kuchambua dagaa. Bibi alikuwa anawasikiliza kupitia ukutani. "Waache," akasema. "Wana deni la maneno."

Mama bado hajamwambia kuhusu Mwanza. Kila akikohoa nadhani ndiyo sasa.

Jumatatu, 23 Desemba

Asubuhi Bibi amenichukua tukalishe ng'ombe. Nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kuangalia vizuri nilipokuwa mdogo.

Ng'ombe yupo kwenye shimo. Shimo limechimbwa ndani ya banda, kina cha mtu mfupi, naye amesimama humo chini, pua ikifika usawa wa miguu yetu. Hatoki kwenda kuchungwa. Hakuna pa kuchungia, kisiwa kimejaa watu na mashamba. Chakula ndicho kinachomfuata. Bibi anashusha fungu la majani, ng'ombe anasogeza ulimi mrefu wa kijivu, anavuta. Anayoyakanyaga yanachanganyika na samadi. Siku zinavyokwenda samadi inapanda, na ng'ombe anapanda nayo, hadi shimo linajaa. Ndipo wanalichimbua, wanabeba kwa vikapu hadi shambani, mwanzo tena.

Na majani yenyewe hayaokotwi ovyo. Kila mti una mwenyewe. Bibi alinionyesha: huu wa kwangu, ule wa Mjomba wako, ule usiuguse ni wa jirani. Nyasi za kando ya ziwa zimepandwa kama mpunga. Katikati ya uwele kuna marejea, hayo hayaliwi, yatafukiwa yarutubishe udongo. Kuta za mawe zimeshikilia shamba mlimani lisiteremke na mvua. "Hili shamba halijawahi kulala," Bibi akasema, "alilima mama mkwe wangu, alilima mama mkwe wake." Hakuna hata mwaka mmoja wa kulipumzisha. Linalishwa, linazaa.

Mimi ni mwalimu. Darasani nafundisha habari za mboji kwa kutumia picha ya kitabuni. Na Bibi yangu, mwenye macho ya ukungu, hajawahi kuacha kulilisha shamba.

Jioni Mjomba akalianzisha. "Mama, dada amekuja kukuchukua. Hospitali kubwa ipo karibu. Macho yatatibiwa." Mama akaunga mkono, akaeleza chumba alichoandaa, kitanda, choo cha ndani. Aliongea vizuri, kwa heshima. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Mnipeleke Mwanza nikale?"

"Ndiyo, Mama. Upumzike."

"Kwenu nitalishwa. Hapa ninalisha." Akanyoosha fimbo kuelekea bandani. "Nikiondoka ng'ombe atakula nini? Ng'ombe asipokula, shamba litakula nini? Hawa watoto wa marehemu watakula nini?"

Mjomba akasema atamwangalia yeye ng'ombe. Bibi akacheka. Kile kicheko cha kwenye simu.

Hakuna aliyekasirika. Lakini hakuna aliyelala mapema.

Jumanne, 24 Desemba

Mvua kubwa asubuhi. Kisha jua.

Mama amenivuta kando kisimani. Anaongea haraka, macho makavu. Kwamba miaka yote hii alikuwa anajiambia atamtoa Bibi huku, amwokoe. Kwamba usiku wote amelala akiusikiliza upumuaji wa Bibi na ule wa ng'ombe, na ameona kwamba anayetaka kuokolewa ni yeye. Akimhamisha Bibi, hatalazimika kuvuka tena. "Na mama yangu atakaa dirishani Mwanza akitazama ukuta wa jirani. Nimuue kwa sababu ya maji?"

Nikamwambia hajamuua mtu. Nikamwambia kuogopa si kosa, nani asiyeogopa baada ya yale. Akanitazama. "Sijasema ni kosa. Nimesema nitaogopa huku navuka."

Mchana, mbele ya wote, alipiga goti akamwambia Bibi: "Basi Mama, wewe kaa. Mimi ndiye nitakayekuwa nakuja."

Bibi akaitikia kama mtu aliyeambiwa bei ya haki. "Njoo na viatu vya mvua," akasema. "Na huyu mjukuu nimemfundisha kukata majani, asisahau."

Na macho? Tumekubaliana: dawa nilizoleta kwanza. Mjomba atampeleka kituo cha afya Bwisya wiki ijayo. Madaktari wa macho wakija Nansio atapelekwa, na siku hiyo hiyo atarudi kwake. Bibi amekubali Nansio. Nansio anaijua.

Alhamisi, 26 Desemba. Kisorya, mchana

Tumerudi bila Mama. Amebaki hadi baada ya mwaka mpya.

Krismasi jana, pilau, nyimbo, watoto wamelala wamejaa. Yule binti wa Mamdogo ameimba sauti ya pili. Nilitoka nje nikasimama bandani kwanza ndipo nikaweza kurudi.

Kwenye siti ya dirishani kuna mihogo mikavu, njugu mawe, na kuku wawili wamefungwa miguu. Katika vivuko vyote viwili nimejikuta nahesabu. Sikupanga. Nyuma, safu kwa safu, na watoto wa mgongoni. Nikavaa jaketi, nikawavisha wanangu, kitindamimba akaniambia nikaze zaidi, "Bibi anakazaga." Nikakaza.

Baba watoto anauliza kama tusimame Lamadi. Tusimame.

Jumamosi, 28 Desemba. Mwanza

Mama amepiga. Mtandao unakatika katika. Nimeambulia: mvua, ng'ombe mzima, Bibi amelalia godoro usiku mmoja halafu akalihamishia kitanda cha wajukuu. Atarudi kwa basi kupitia Kisorya. Nikamwuliza kama hataki ile meli ya moja kwa moja kutoka Nansio kuja Mwanza, siku maji yametulia. "Usinibadilishie njia," akasema. Sawa, Mama. Sibadilishi.

Jioni tumekaa na Baba watoto na karatasi. Mafuta kwenda na kurudi, nauli za gari na watu kwenye vivuko viwili, vitu vya kupeleka. Pasaka ni 20 Aprili. Halafu likizo ya Juni. Halafu Septemba, Mama anataka awepo Ukara tarehe 20, afanye misa ya Mamdogo pale pale. Halafu Desemba tena. Ni pesa nyingi, amesema, na kweli ni nyingi. Tulikuwa tunaweka akiba ya makochi. Makochi yatangoja. Na jiko la gesi kubwa lingoje. Mtu wa umri wa Bibi hawezi kuambiwa angoje.

Nimeshamwandikia mkuu wa shule kuhusu siku mbili za Septemba. Akikataa nitamwendea tena ofisini, nikae hadi anikubalie.